Kuishi Miaka Mingi Si Kuchelewa Kuzeeka

Mwaloni huishi miaka mingapi? Swali hilo linaonekana jepesi, lakini lina majibu matatu yanayopishana mno, na yote ni sahihi. Mwaloni uliokomaa huangusha maelfu ya mbegu katika miaka yake ya kuzaa, na katika msitu ambao idadi ya miti haiongezeki wala haipungui, ni mbegu moja tu kati ya hizo zote ambayo kwa wastani itakuja kushika nafasi ya mzazi wake. Zilizobaki huliwa na panya, ndege na wadudu, au huoza, au huchipua kisha zikanyauka kivulini kabla mwaka haujakwisha. Kwa hiyo, ukianza kuhesabu tangu mbegu inapoanguka, wastani wa maisha ya mwaloni haufiki hata mwaka mmoja. Ukianza kuhesabu tangu mti ulipofikisha kichwa chake kwenye jua, wastani huo unapaa hadi karne na zaidi. Na ukitaka kujua mwaloni umewahi kufika wapi kabisa, ipo mialoni iliyovuka miaka 500.

Majibu hayo yanahusu kunusurika na upeo wa umri. Hakuna hata moja linaloeleza kama mwaloni unazeeka, na hapo ndipo mkanganyiko mkubwa unapoanzia. Katika mazungumzo ya kawaida tunamwita mzee yeyote aliyeishi miaka mingi, na neno lenyewe limebeba heshima kiasi kwamba hupewa hata asiye na mvi. Katika biolojia, hata hivyo, kuzeeka hakupimwi kwa wingi wa miaka. Kiumbe husemwa kuwa kinazeeka iwapo, baada ya kukomaa, hatari yake ya kufa ndani ya mwaka mmoja inapanda kadiri umri unavyosonga, na uwezo wake wa kuzaa unashuka. Kiumbe kinaweza kuishi miaka mingi huku kikizeeka, na kinaweza kuishi miaka michache bila kuzeeka hata kidogo.

Sentensi hiyo ya mwisho inahitaji mfano. Chukua ndege 1,000 waliokomaa, ambao nusu yao hufa kila mwaka bila kujali umri. Baada ya mwaka mmoja wanabaki 500, kisha 250, kisha 125, na baada ya miaka 10 amebaki mmoja. Ndege huyo wa mwisho hakuzeeka haraka wala polepole. Hakuzeeka kabisa, kwa sababu hatari iliyomkabili katika mwaka wa kumi ilikuwa ileile iliyomkabili katika mwaka wa kwanza. Ameishi miaka michache kwa kuwa dunia anamoishi ina hatari nyingi, na mwili wake haukuhusika. Ukimfananisha na binadamu, ambaye huishi miongo mingi lakini hatari yake ya kufa hupanda bila kusita, utaona kwamba urefu wa maisha na mwendo wa uzee ni vipimo viwili, na kimoja hakikuambii kingine.

Aliyeiandika hatari hiyo kwa hesabu mapema kabisa ni Benjamin Gompertz, mtaalamu wa hesabu za bima wa London, ambaye mwaka 1825 alionyesha kuwa vifo vya watu wazima havipandi kwa kuongezeka kiasi kilekile kila mwaka, bali kwa kuzidishwa. Kwa binadamu, hatari ya kufa huongezeka maradufu kila baada ya miaka 8 hivi, iwe ni kati ya umri wa miaka 40 na 48 au kati ya 70 na 78. Jambo linaloshangaza ni kwamba kanuni hiyo hubaki hata pale hali za maisha zinapotofautiana sana. Jamii yenye maradhi na njaa huanza na hatari kubwa na jamii yenye hospitali nzuri huanza na hatari ndogo, lakini mwendo wa kujirudufu unakaribiana. Panya wa maabara naye hufuata kanuni hiyohiyo, isipokuwa kwake muda wa kujirudufu ni miezi michache tu.

Kanuni ya Gompertz ilihusu binadamu. Kuipeleka kwa viumbe wengine kulihitaji majedwali ya maisha, yaani orodha zinazoonyesha ni wangapi wamebaki hai katika kila umri, na mnyama wa porini hana cheti cha kuzaliwa. Mwanaikolojia Mmarekani Edward Deevey alichapisha mwaka 1947 mkusanyo wa majedwali ya namna hiyo, na mojawapo lilitokana na mafuvu 608 ya kondoo-mwitu wa Dall ambayo Adolph Murie aliyaokota katika hifadhi ya Mount McKinley, Alaska, inayoitwa leo Denali. Pembe za kondoo hao huacha pete moja kila mwaka, kwa hiyo kila fuvu lilieleza mwenyewe mnyama alikufa akiwa na umri gani. Vifo vilikuwa vingi katika mwaka wa kwanza, vikapungua sana katika miaka ya kati, kisha vikaongezeka tena uzeeni, jambo linaloeleweka, kwani mbwamwitu huwakamata kwa urahisi zaidi wachanga na wakongwe.

Tangu wakati huo, wanafunzi wa ikolojia hufundishwa michoro mitatu ya kunusurika. Katika wa kwanza, wengi hufika utu uzima na kufa kwa pamoja mwishoni, kama binadamu na mamalia wakubwa. Katika wa pili, hatari ni ileile maisha yote, kama wale ndege wetu 1,000. Katika wa tatu, karibu wote hufa wachanga na wachache wanaobaki huishi muda mrefu, kama chaza, samaki wengi na mialoni. Michoro hiyo ina manufaa, lakini nadhani imewafanya watu wengi waamini kwamba ukishajua aina ya mchoro umejua jinsi spishi inavyozeeka. Si hivyo. Mchoro wa tatu hutawaliwa na vifo vya wachanga, na yanayowapata wale wachache waliokomaa huwa yamefichwa katika mkia wa mstari, ambapo macho hayaoni kitu.

Ndiyo maana watafiti walioongozwa na Owen Jones waliamua kuupima upya uzee, katika utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2014. Walichukua spishi 46, zikiwamo mamalia 11, wanyama wengine 12 wenye uti wa mgongo, 10 wasio na uti wa mgongo, mimea 12 na mwani mmoja. Badala ya kulinganisha miaka, waligawanya hatari ya kufa katika kila umri kwa wastani wa hatari ya utu uzima wote, ili spishi inayoishi wiki na inayoishi karne ziweze kuwekwa kwenye karatasi moja. Walichokitafuta ni umbo la mstari, wakiiacha kando kasi yake.

Matokeo yalivuruga dhana nyingi. Mstari uliopanda kwa ukali kuliko yote ulikuwa wa binadamu wa leo. Wanawake wa Japani wa mwaka 2009, walipofikia umri wa miaka 102, walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi mara 20 ya wastani wa utu uzima wao. Sisi tunaojiona tumefaulu kurefusha maisha ndio tulio mfano wa uzee uliokithiri, kwa sababu tumeviondoa vifo vya ujanani na kuviacha vyote virundikane mwishoni. Upande mwingine alikuwako haidra, mnyama mdogo wa maji baridi mwenye mwili kama mrija na mikono ya kunasia, ambaye hatari yake ya kufa haikupanda hata kidogo. Vifo vyake katika maabara vilikuwa vichache kiasi kwamba, kwa makadirio ya watafiti hao, asilimia 5 ya waliokomaa wangekuwa bado hai baada ya miaka 1,400. Na kobe wa jangwani wa Amerika Kaskazini alikwenda kinyume kabisa. Kadiri alivyoongezeka umri, hatari yake ya kufa ilipungua, kwa kuwa kobe huendelea kukua na gamba lake kuwa gumu zaidi, na mla nyama aliyemweza akiwa mdogo hamwezi tena.

Kobe hakuwa wa kipekee. Mwaka 2022, utafiti mpana juu ya reptilia na amfibia wa porini uliohusisha spishi 77 ulionyesha kwamba kobe na kasa kwa jumla huzeeka polepole mno, na kwamba spishi zenye kinga ya mwilini, kama gamba, huelekea kuzeeka polepole kuliko zisizo nayo. Hilo linatuleta kwenye swali la chanzo.

Maelezo yanayomjia mtu kwanza ni kuchakaa. Gari huchakaa, kiatu huchakaa, na mwili pia. Tembo anaonekana kuthibitisha hoja hiyo, kwani hupata seti sita za magego zinazosogea mbele moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikishalika, hawezi tena kusaga majani. Lakini kiatu hakijishoni chenyewe, ilhali mwili hujenga mfupa uliovunjika, hubadilisha ngozi na kurekebisha DNA iliyoharibika. Mwili ulioweza kujijenga kutoka seli moja ungeshindwaje kazi iliyo nyepesi zaidi, ya kujitunza? Kwa nini tembo apate seti sita za magego, asipate saba au kumi?

Mwanabiolojia Mjerumani August Weismann alipendekeza katika karne ya 19 kwamba wakongwe hufa ili kuwapisha vijana, kwa faida ya spishi. Wazo hilo lingali likirudiwa, na lina kasoro kubwa. Katika kundi ambalo wote wanajiondoa kwa hiari, yule anayekataa kuondoka na kuendelea kuzaa ndiye atakayeacha watoto wengi zaidi, na watoto hao watarithi ukaidi wake. Baada ya vizazi kadhaa hatabaki wa kuwapisha wengine.

Jibu lenye nguvu zaidi lilitolewa na Mwingereza Peter Medawar, katika hotuba aliyoichapisha mwaka 1952. Alimtaka msikilizaji afikirie vyombo vya kioo vya maabara, ambavyo havizeeki lakini huvunjika kwa ajali. Hata vyombo hivyo vingekuwa na vichache tu vyenye umri mkubwa, kwa sababu kila mwaka kuna ajali. Viumbe ni hivyohivyo: hata kama miili yao isingedhoofika, wachache tu wangefika umri wa juu, kwani wengine wangeliwa, au wangeuawa na ukame au maradhi. Sasa fikiria kasoro ya jeni inayoleta madhara utotoni, na nyingine inayoleta madhara katika umri ambao karibu hakuna anayeufikia. Ya kwanza hufutwa na uteuzi asilia mara moja, kwa kuwa aliyeirithi hafiki kuzaa. Ya pili haina wa kuifuta. Ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo, ambao kwa kawaida hujitokeza katika umri wa kati, humfikia mtu akiwa tayari ameshazaa na kuirithisha jeni yake. Uteuzi asilia huwa mkali kwa kijana na hulegea kwa mkongwe, na katika ulegevu huo kasoro hurundikana kizazi baada ya kizazi.

George Williams aliongeza jambo mwaka 1957: jeni inaweza kuwa na faida ujanani na hasara uzeeni, na uteuzi asilia utaipendelea, kwa kuwa faida huwafikia wengi na hasara huwafikia wachache. Miaka 20 baadaye, Thomas Kirkwood aliliweka suala hilo katika sura ya bajeti. Chakula anachokipata mnyama kina mipaka, na kinagawanywa kati ya kukua, kuzaa na kurekebisha mwili. Kwa mnyama ambaye huenda akaliwa mwaka huu, kugharamia marekebisho ya kumfikisha miaka 20 ni hasara tupu. Mwili wake utarekebishwa kwa kiasi cha kumvusha katika muda anaoelekea kuishi, na ziada itakwenda kwenye kuzaa. Ndiyo maana magego ya tembo yanatosha miaka 60 au 70 na hayazidi. Idadi yenyewe ya seti ni matokeo ya hesabu hiyo.

Nadharia hii inabashiri kwamba wanyama waliojiepusha na hatari watazeeka polepole, na ushahidi ni mwingi. Popo wa Brandt ana uzito wa gramu 7 hivi, ambao ni mdogo kuliko wa panya wa nyumbani, lakini dume mmoja aliyevishwa alama huko Siberia mwaka 1964 alikamatwa tena akiwa hai mwaka 2005, miaka 41 baadaye. Panya wa maabara, mwenye chakula na ulinzi wote, huishi miaka miwili hadi mitatu. Popo anaruka, na kuruka ni kukimbia hatari. Fuko asiye na manyoya, anayeishi chini ya ardhi katika Pembe ya Afrika na Kenya, hupita miaka 30, na uchambuzi wa kumbukumbu za maelfu ya fuko hao, uliochapishwa mwaka 2018, haukuona hatari yao ya kufa ikipanda jinsi kanuni ya Gompertz inavyotaka. Na mwanabiolojia Steven Austad alilinganisha oposamu, mnyama mdogo anayebeba watoto mfukoni, wa bara la Marekani na wale wa Kisiwa cha Sapelo, pwani ya Georgia, ambako kwa maelfu ya miaka hawakuwa na mamalia wakubwa wa kuwawinda. Wa kisiwani walizaa watoto wachache zaidi kwa mara moja, waliishi zaidi, na hata kano za mikia yao zilikakamaa polepole.

Makala nyingi hukomea hapo, lakini jambo lenyewe halikomei hapo. Katika vijito vya Trinidad, maporomoko ya maji yametenganisha samaki wadogo wanaoitwa gapi: chini kuna samaki wakubwa wanaowala, juu hakuna. Kwa mujibu wa nadharia, gapi wa chini walipaswa kuzeeka haraka. David Reznick na wenzake waliwalea wa pande zote mbili katika maabara na kuripoti mwaka 2004 kwamba gapi waliotoka penye hatari kubwa waliishi zaidi na waliendelea kuzaa kwa muda mrefu zaidi, wakidhoofika mapema katika jambo moja tu, nalo ni wepesi wa kuogelea.

Matokeo hayo hayaangushi nadharia, ila yanasahihisha jinsi inavyosimuliwa. Wingi wa vifo peke yake hautoshi kubadili uzee. Kifo kinachowapiga wa umri wote sawasawa hupunguza wakongwe, lakini hupunguza vijana kwa kiasi hichohicho, na waliobaki hupata chakula zaidi. Kinachoamua ni kifo kinamchagua nani. Mwindaji akiwakamata walio wazito na dhaifu, basi anawapendelea wenye miili imara hata wakiwa na umri mkubwa, na kwa njia hiyo anaweza kurefusha maisha ya spishi anayoiwinda.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote uko ndani ya mzinga. Malkia wa nyuki na nyuki watendakazi wanatokana na mayai ya aina moja, na kinachowatenganisha ni malezi na chakula cha utotoni. Mtendakazi wa majira ya joto huishi wiki sita hivi, mwenzake anayezaliwa kabla ya baridi huishi miezi kadhaa, na malkia huishi miaka. Sisimizi wamekwenda mbali zaidi, kwani malkia wa sisimizi mweusi wa bustani wa Ulaya aliyefugwa alifikisha karibu miaka 29. Malkia hukaa ndani, hulishwa na kulindwa, na uzazi wote wa jamii nzima unamtegemea. Mtendakazi hutoka nje penye hatari na hazai. Jeni zilezile huweza kujenga mwili wa kudumu na mwili wa kutumika ukaisha.

Ukubwa wa mwili nao una nafasi yake, japo si nafasi ambayo wengi huipa. Kwa jumla mamalia wakubwa huishi zaidi, na zamani, hasa kupitia maandishi ya Raymond Pearl ya mwaka 1928, iliaminika kwamba sababu ni kasi ya maisha: anayechoma nishati haraka humaliza maisha haraka. Ndege na popo wanaikanusha imani hiyo, kwa kuwa huchoma nishati nyingi na bado huishi mara kadhaa ya mamalia wa ukubwa wao. Dalili bora ilipatikana mwaka 2022, pale watafiti walipohesabu mabadiliko ya DNA yanayojikusanya katika seli za utumbo za spishi 16 za mamalia. Panya alipata mabadiliko karibu 800 kwa mwaka katika kila seli, binadamu 47. Lakini mwishoni mwa umri wa kawaida wa kila spishi, jumla ilikaribiana, takriban 3,200. Fuko asiye na manyoya na twiga, wanaotofautiana kwa uzito mara maelfu lakini wanakaribiana kwa umri, walikuwa na mwendo wa mabadiliko unaokaribia kulingana.

Mwili mkubwa ulipaswa pia kuwa na saratani nyingi, kwa kuwa una seli nyingi zinazoweza kuharibika, jambo ambalo Richard Peto alilizungumzia katika miaka ya 1970. Tembo hawana wingi huo wa saratani. Mwaka 2015 ilibainika kwamba wana nakala takriban 20 za jeni inayoitwa TP53, ambayo huiamuru seli iliyoharibika ijiue, ilhali binadamu anayo moja. Mamalia aliyejenga mwili mkubwa amelazimika kugharamia ulinzi wake.

Baharini ndiko rekodi kubwa zinakopatikana. Chembe za protini katika jicho la nyangumi mmoja wa Aktiki zilikadiriwa kuwa na miaka 211, na baadhi ya nyangumi hao wamekutwa na vichwa vya vyusa vya mawe mwilini. Papa wa Greenland mmoja alikadiriwa mwaka 2016 kuwa na miaka 392, kwa kosa la miaka 120 juu au chini, na jike wa spishi hiyo hukomaa akiwa na miaka 150 hivi. Mnyama mmoja wa jamii ya chaza aliyetolewa baharini karibu na Iceland mwaka 2006 alikuwa na pete 507 za mwaka kwenye gamba lake. Takwimu hizi husimuliwa kama ushahidi wa kushindwa kwa uzee, lakini kila moja ni umri wa mnyama mmoja. Umbo la vifo halipatikani kwa mnyama mmoja, kama vile Mfaransa Jeanne Calment, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, hatuelezi lolote juu ya hatari iliyowakabili Wafaransa wengine.

Wapo pia wanaozeeka kwa kishindo. Samoni wa Pasifiki hurudi mtoni, hutaga, na ndani ya siku au wiki chache mwili wake wote huporomoka. Dume la antekinasi, mnyama mdogo wa Australia wa jamii ya wabeba watoto mfukoni, hutumia wiki chache kujamiiana, homoni za msongo humharibia kinga, na madume wote hufa kabla au karibu na kutimiza mwaka. Samoni wa maji baridi waliohasiwa kabla ya kukomaa waliishi hadi miaka 8, maradufu ya kawaida yao, jambo linaloonyesha kwamba uzazi wenyewe ndio uliokuwa muuaji. Nyangumi muuaji jike yuko upande wa pili: huacha kuzaa akiwa na miaka 40 hivi na huweza kuishi miongo kadhaa zaidi. Uzazi wake umezeeka na mwili haujazeeka. Kuwapo kwake kuna faida, kwani mwanawe wa kiume aliyepita miaka 30 huwa na hatari ya kufa karibu mara 14 ya kawaida katika mwaka unaofuata kifo cha mama.

Kwa mimea, swali hubadilika kuanzia kwenye neno "mmoja". Mkonge huota mlingoti wake mara moja, huchanua, kisha hufa kama samoni. Lakini mgomba, uliosifiwa na wahenga kwamba haushindwi na mkungu wake, hufa nao ukishaiva, huku machipukizi ya tunguu lilelile yakiinuka kando yake. Je, mgomba umekufa? Shina limekufa, kisichokufa ni kile kilichozaa shina. Mnyama ana moyo mmoja na ubongo mmoja, na kimoja kikishindwa vyote vimekwisha. Mti una maelfu ya ncha zinazokua, na kila ncha ina seli changa zinazoweza kuzalisha matawi, maua na mbegu. Kupoteza nusu ya mwili si lazima kuwe msiba.

Misunobari ya milima ya California na Nevada hudumu kwa namna hiyo. Mti uitwao Methuselah umevuka miaka 4,800, na mwingine uliopewa jina la Prometheus ulihesabiwa pete zaidi ya 4,800 baada ya kukatwa na mtafiti mwaka 1964. Sehemu kubwa ya shina la mti wa namna hiyo huwa imekufa, na uhai hupita katika ukanda mwembamba wa gome unaounganisha mizizi michache na matawi machache. Mwaka 2020, watafiti wa China walichunguza tabaka linalozalisha mbao katika miti ya ginko yenye umri wa miaka 15 hadi 667. Miti mikongwe ilinenepa polepole zaidi, lakini jeni za kinga zilifanya kazi kama za miti michanga. Hiyo haina maana kwamba mimea yote haizeeki. Katika tafiti za muda mrefu za mmea mdogo wa mbugani uitwao plantago, hatari ya kufa ya mimea yenye umri mkubwa ilipanda, hasa katika vipindi vya dhiki, na mmea wa maabara wa Arabidopsis humaliza maisha yake kwa wiki chache tu.

Mfano wa mwisho uko Utah, Marekani, ambako kuna msitu wa hekta 43 uitwao Pando. Una mashina yapatayo 47,000, na yote ni mti mmoja wa mpopla, wenye mizizi inayoungana na jeni zilezile. Kila shina huishi miaka mia na zaidi, huzeeka, huanguka, na nafasi yake hushikwa na chipukizi linalotoka mizizini. Kwa njia hiyo mti huo umedumu maelfu ya miaka. Leo sehemu zake nyingi zinapungua, na uzee wa mizizi haulaumiwi. Paa na ng'ombe hula machipukizi kabla hayajawa marefu ya kutosha, mashina yaliyozeeka yanaanguka bila warithi, na pale ambapo uzio umewekwa na kushikilia, machipukizi yamepanda tena. Mti ambao umeshinda uzee unapungukiwa na kile ambacho mbegu nyingi za mwaloni hukikosa, yaani kuvuka miaka michache ya kwanza.